Unga Juu ya Kitanda cha Faudhia

Hilaria alifika shule hii akiwa na miaka kumi na minne, kutoka Magoma, sanduku la bati kichwani. Akapangiwa bweni la kwanza, lile la mawe lililojengwa na wamisionari kabla ya Uhuru. Leo ana hamsini na tatu, ndiye matroni, na wasichana arobaini wanalala mlemle.

Jumatatu moja ya masika, Faudhia wa kidato cha pili alimfuata stoo.

"Shikamoo, matroni. Kitandani kwangu kunadondoka unga."

"Marahaba. Unga gani?"

Ulikuwa unga wa mbao. Hilaria aliupapasa shukani, akatazama juu. Dari ilikuwa nyeupe pee. Ilipakwa rangi wiki iliyopita kwa ajili ya wahitimu wa zamani watakaokuja Jumamosi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Mhina, hakutaka kusikia.

"Mama, jengo limesimama miaka yote hiyo. Wageni wanakuja kuliona hilohilo. Sherehe ipite kwanza."

Mchana kutwa, kila bati la bweni lilipolia kwa upepo, Hilaria alisimama. Saa kumi, wingu lilipofunga upande wa Usambara, hakumwuliza mtu.

"Bebeni magodoro. Wote, bwaloni!"

Mvua ilipiga hadi alfajiri. Bweni halikuanguka.

Akapewa barua ya onyo. Walimu walimcheka pembeni. Wasichana, nguo zikinuka moshi wa jikoni, walimnung'unikia. Lakini hakuwarudisha. Kilichomtisha zaidi ni moyo wake mwenyewe: alijikuta anatamani paa lile lianguke, kisha anaomba toba.

Jumatano alimpigia simu Janeth, aliyesoma naye hapo shuleni, sasa mhandisi Handeni.

"Njoo mapema, dada. Usisubiri Jumamosi."

Janeth alikuja Ijumaa. Alipanda ngazi, akabandua ubao wa dari, akachomeka kalamu kwenye kenchi, mbao inayobeba paa. Ikazama yote. Mchwa walikuwa wamebakiza ganda tu.

"Nani aliwatoa watoto humu?"

Mwalimu Mhina, aliyesimama chini ya ngazi, alikohoa. "Ni matroni."

Bweni likafungwa siku hiyohiyo, na sherehe ikafanyika uwanjani. Mwalimu Mhina aliichana ile barua mbele yake, akasema, "Nisamehe, mama." Hilaria aliitikia, ila hakutulia. Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, alikuwa akigonga dari za mabweni mengine matatu kwa mpini wa ufagio, ametega sikio.