Waliotoka Benchini na Leso

Sheria za mpira wa kikapu nilijifunza peke yangu, kwenye simu, baada ya zamu yangu katika hoteli moja Diani. Kucheza sikuweza. Nilitaka tu kuwa mtu asiyekosea, na niliamini refa ndiye mtu wa namna hiyo. Kifungu cha kupigana nilikihifadhi neno kwa neno: wanaopigana watolewe, na mchezaji wa akiba atakayeondoka benchini wakati wa vita naye atolewe, hata kama hakumgusa mtu. Kocha peke yake ndiye anayeruhusiwa kuingia kutuliza.

Nilikipenda kifungu hicho. Hakikuniachia nafasi ya kufikiri.

Mwaka jana nilipewa kuchezesha fainali ya wasichana wa shule za upili. Mshindi angewakilisha Kwale kwenye mashindano ya Pwani. Nilipokuwa nikikagua kucha za wachezaji, nahodha wa timu ya Msambweni, msichana wa kidato cha nne, aliniambia, "Refa, mimi mwakani sipo. Tukikosa leo, ndiyo basi." Nikamwambia ukucha wa kidole gumba ni mrefu.

Robo ya mwisho, Msambweni wakiongoza kwa pointi sita, mchezaji wa timu ya Ukunda alimvuta mwenzake wa Msambweni, hijabu ikamtoka kichwani. Aliyevuliwa akamsukuma, wakakamatana. Nikapuliza filimbi. Benchi zima la Msambweni likawa limeshaingia uwanjani: wasichana watano, pamoja na nahodha aliyekuwa amepumzishwa. Hawakumgusa mpinzani yeyote. Walikuwa na leso mbili za kujitanda. Walizitandaza kumzunguka mwenzao, wakamsitiri mpaka akajifunga upya.

Mwalimu wao, ambaye ndiye kocha na sheria inamruhusu kuingia, aligeuka akatazama ukuta wa choo. Wanaume waliokuwa kando ya uwanja waliinamisha vichwa. Mwanamume pekee aliyeendelea kukodoa macho nilikuwa mimi, kwa sababu refa ni lazima ahesabu. Nilihesabu mara mbili. Watano.

Benchi la Ukunda halikusogea hata hatua moja. Walikaa wakicheka, mmoja akiigiza kwa mikono jinsi hijabu ilivyoruka. Kwa mujibu wa kitabu, hao ndio waliokuwa na nidhamu.

Niliwatoa wawili waliokamatana, kisha nikawatoa wale watano.

"Sasa refa, tungekaa tu tumtazame?" nahodha aliniuliza.

"Sheria inasema mkae."

"Na kichwa ki wazi, mbele ya watu wote hawa?"

"Sheria haikutaja kichwa."

"Angekuwa dadako je?"

Nilikuwa nikiandika. "Sina dada," nilisema.

"Hilo tumeliona," mwenzake mmoja alijibu. Walicheka kidogo, wakatoka bila ubishi, wakiwa wamemweka yule msichana katikati.

Wanne waliobaki walicheza dhidi ya watano. Walishindwa kwa pointi tatu.

Mkaguzi wa marefa alinipa mkono. "Umefuata sheria barabara," alisema. "Ila filimbi yako ilitetemeka." Nakiri, kwa aibu, kwamba wiki nzima iliyofuata jambo lililoninyima raha lilikuwa filimbi. Nilikuwa nikifanya mazoezi ya kuipuliza nyuma ya chumba cha kufulia cha hoteli, mpaka mpishi akaja kuuliza kama kuna moto.

Wale wasichana walinijia akilini baadaye, nilipoona kwenye simu picha ya timu ya Ukunda ikipanda basi kwenda mashindanoni. Nilikuza picha ile nikatafuta kosa. Wote walikuwa wamevaa sare sawasawa.

Sasa nina maoni yangu. Anayerusha mkono atoke, na anayemvua mwenzake hijabu atoke kabla yake. Lakini anayetoka benchini, refa amtazame mikono kwanza. Akiwa ameshika leso, saa isimame, refa ageuke, asubiri. Nimeyaandika katika kurasa mbili, nimeyarudia mara saba, na nimeyapeleka kwa kamati ya michezo. Wamesema watayajadili muhula ujao. Nahodha amekwishamaliza shule.