Diski ya Parokia na Unga wa Mama Furaha

Afadhali niseme mwenyewe kabla watu wa Kilibula hawajawasimulia. Mimi ndiye fundi wa kompyuta ya parokia, ile yenye mifumo miwili ya kuiendesha, kila mmoja na diski yake. Tuliporudi kutoka kukimbia vita, ilikataa kufunguka: skrini nyeusi, mstari mmoja wa maandishi, basi. Orodha ya chakula cha wakimbizi ilikuwa humo, na wakimbizi wenyewe walijaa uani wakisubiri.

Padri aliniuliza shida ni nini. Nikamweleza kwa sauti ya profesa, uani wote usikie, kwamba mifumo miwili ni kama wake wawili katika jiko moja: lazima wagombane. Padri akaitikia kwa kichwa, ingawa mambo hayo hayajui. Siku mbili nikahangaika kuipatanisha. Ya tatu nikatangaza kwamba mashine imekufa.

Ndipo Mama Furaha, mpishi wa parokia, akatoka jikoni na mfuko wa unga wa muhogo.

"Fundi, ile diski weye mwenyewe ulitoa mu kompyuta siku ya kukimbia, ukaniambia niifiche mu unga, bado niendelee kuichunga? Minye niko nataka kupika bugali."