Sakafu ya Sirili

Mstari wetu wa nyumba za kuungana pale Majengo haukuwa na bafu ambalo Sirili hakulishika. Yeye ndiye aliyetuondoa kwenye vibanda vya mabati vya uani, akatutengenezea bafu ndani, nyumba baada ya nyumba.

Alizaliwa Old Moshi. Baba yake alikuwa mtunza mfongo, ule mfereji unaoshusha maji ya mlimani hadi migombani, na Sirili alikua akimfuata nyuma, akijifunza maji yanapenda kupita wapi. Hata alipokuwa fundi mjini, sakafu ya bafu aliitengeneza vivyo hivyo. Alimwaga maji kidogo, akachuchumaa, akayatazama, akaongeza saruji hapa na kukwangua pale. Ukimaliza kuoga kwenye bafu lake, maji yaliondoka yote.

Mwaka tisini na sita marumaru zikajaa madukani. Beatrice, jirani yake wa ukuta mmoja, akataka bafu jipya. Sirili alisafisha mwiko wake, akangoja kuitwa. Akaitwa Kornel wa Kwa Sadala, kijana aliyejifunzia kazi Nairobi, mwenye pimamaji ndefu ya kung'aa na penseli nyekundu sikioni.

Tangu siku hiyo Sirili alishinda akisikiliza ukuta. Kornel akigonga marumaru, yeye anaacha kula. Kornel akipiga mluzi, yeye anasonya.

Mke wake, Stella, alikwenda kutazama, akarudi macho yanang'aa.

"Baba Lucky, ukutani unajiona mpaka meno!"

"Mimi meno yangu nayajua."

"Na ana mkono mwepesi, yule kijana."

"Mwepesi wa nini?"

Stella akacheka, akaenda kumenya ndizi. Kesho yake mke alikwenda tena, na keshokutwa yake akakawia huko mpaka maharage yakaungua. Mke wa fundi, anashinda akitazama kazi ya fundi mwingine!

Ijumaa Sirili alirudi mapema kutoka kazini. Alipoingia bafuni kwake kunawa, akaona kitu juu ya kidirisha. Penseli nyekundu. Chini, kwenye sakafu yake ya saruji, kulikuwa na alama za kandambili kubwa, na si zake.

Alitoka ameishika kama ameokota nyoka.

"Mama Lucky. Kornel ameingia bafuni kwangu?"

"Ameingia."

"Nikiwa sipo?"

"Ukiwa upo angeingia?"

Sirili alikaa kwenye kigoda. Alitaka kuuliza swali moja tu, lakini akaogopa jibu lake. Stella alimtazama, akaelewa, akaweka chini kisu cha kumenyea ndizi.

"We mzee, una wazimu? Nilimpeleka akaone sakafu."

"Sakafu gani?"

"Yako! Yake imegoma. Ameipima kwa ile pimamaji yake mpaka imenyooka kama meza, halafu akamwaga maji, yakakaa pale pale yanamtazama. Beatrice, mama wa watu, karibu alie. Nikamwambia njoo uone ya mume wangu. Nikamwaga ndoo. Nikamwonyesha inavyoanza kuinama pale mlangoni, inavyozunguka kona, mpaka kwenye tundu."

"Wewe umejulia wapi?"

"Ninaideki kila siku, Baba Lucky."

Wivu wa Sirili haukwisha, ila ulihama. Sasa alimwonea Kornel wivu kwa ndoo ile moja, kwa kusimama pale na kusikia Stella akiisifu sakafu ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kusikia ikisifiwa.

"Ungeniita mimi nikamwonyeshe."

"Ungekwenda?"

Sirili aliinuka, akapita uani hadi kwa Beatrice. Kornel alikuwa amepiga magoti, anabomoa sakafu yake iliyonyooka. Alipomwona akasimama haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umesahau penseli."

Kornel aliipokea, akashindwa aiweke wapi. Sirili alitazama zile kuta, marumaru moja baada ya nyingine. Alitafuta kosa kwa moyo wote, asilione. Kwenye marumaru alijiona mpaka meno.

Akachuchumaa, akachukua mwiko wa Kornel.

"Leta maji," akasema. "Ukimaliza hapa, uje unipigie hizi marumaru kwangu. Mke wangu anazitaka. Lakini ukutani tu. Sakafu yangu usiiguse."