Picha ya Kisogo

Bi Chanuo hakuwa mtu wa kukumbuka sura. Ungekutana naye dukani, ukamwamkia kwa adabu zote, ukamuuliza na hali ya magoti yake, naye angekuitikia huku anakutazama kama anayetazama ukuta. Mpaka ugeuke kwenda zako. Hapo ndipo angekuita: "Ala, kumbe ni wewe. Mbona husemi?"

Asilaumiwe. Maisha yake yote watu walikaa mkekani wamempa mgongo, yeye nyuma yao juu ya kigoda, magoti yake kushoto na kulia kama mikono ya kiti. Visogo vya mtaa mzima alivijua. Alikijua chenye kovu la tetekuwanga, alikijua chenye nywele zinazolalia upande mmoja kama nyasi za kando ya barabara, alikijua cha yule mama mwenye shingo fupi ambaye kila akiinamishwa alilia kwamba ananyongwa. Nyuso aliwaachia wenye haja nazo.

Chanuo lenyewe lilikuwa la mti, amelichomeka kichwani pake asubuhi hadi jioni, na wapo walioapa kwamba hata usingizini halitoki. Alisukia barazani kwake. Kioo hakuweka. Mteja akiomba kioo aone nyuma pamekaaje, aliambiwa, "Kioo cha nini? Nyuma yako naiona mimi." Maneno yakaishia hapo.

Ng'ambo ya barabara ikafunguliwa saluni. Ina draya za kukaushia nywele, ina viti vya kuzunguka, na ukutani imejaa picha za misuko toka juu hadi chini. Mteja anaingia, ananyoosha kidole, anasema nataka ule. Bi Chanuo aliziona akiwa anapita tu. Yaani alivuka barabara makusudi, akapita tu, kisha akarudi akapita tu tena.

"Vichwa vya karatasi," alisema, akarudi kigodani pake.

Wateja wachache wakahama. Hakuwalilia, au kama aliwalilia, hakuna aliyeyaona machozi. Lakini kiko kichwa kimoja ambacho asingekubali kivuke ile barabara. Kilikuwa cha binti wa jirani, waliyemwita Kipilipili kwa sababu nywele zake tangu utotoni zilijikunja ngumu, zikavunja vitana vya kwao vyote meno. Bi Chanuo ndiye aliyemsuka mara ya kwanza, nywele ni za kushikwa kwa ncha za vidole, mtoto analia, mama yake naye analia, na yeye amembana kwa magoti huku anaimba kwa sauti ya kuwashinda wote wawili. Alipoanza shule alimsuka. Alipoanza kazi alimsuka. Sasa anaolewa, na Bi Chanuo alikuwa keshaonekana amekaa peke yake akiusuka msuko wa harusi hewani, vidole vinacheza kama vya mpiga kinanda.

Mama wa binti hakuwa na neno. Neno lilikuwa kwa shangazi mtu, aliyekuja kutoka mbali kuisimamia harusi: mwanamke mrefu, mwenye kilemba, mkoba wa kwapani na maswali.

"Nimezisikia sifa zako, dada," shangazi alisema, amesimama kwenye ngazi ya baraza. "Nionyeshe picha."

"Picha za nini?"

"Za kazi yako. Wale wa ng'ambo wamenionyesha zao."

"Kazi yangu inatembea barabarani. Kaa hapo, itapita."

Shangazi akatabasamu, lile tabasamu la mtu asiyebadili nia. "Nitapita Jumapili. Zikiwapo picha, tutazungumza. Zisipokuwapo usinilaumu, dada yangu. Harusi si jambo la kubahatisha."

Alipoondoka, Bi Chanuo aliukung'uta mkeka ambao haukuwa na vumbi. Kilichomuuma ni kwamba yule mwanamke hakukosea. Kiti cha seremala kinabaki. Ukuta wa mwashi unabaki. Hata chungu, kikivunjika, vigae vinabaki. Msuko wake yeye ukiisha juma la pili unafumuliwa, nywele zinachanwa, zinakuwa kana kwamba hapakuwahi kupita mtu. Ukiikusanya kazi ya maisha yake yote, hupati cha kujaza kijiko.

Binti yake wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda, alikuwa anaanua nguo. Akatoa simu yake, kioo kimepasuka kama utando wa buibui.

"Mama, si hii hapa? Kila anayetoka mikononi mwako nitampiga picha. Jumapili tunamwonyesha huyo shangazi, mchezo umekwisha."

"Simu ni ya kusemea."

"Inapiga na picha, mama."

"Ndiyo hapo ninapokataa. Inasema, inapiga picha, inaimba, inamulika njia ya chooni. Kitu kimoja kazi zote hizo, utakiamini kwa ipi? Mshika mawili moja humponyoka. Mimi nasuka. Umewahi kuniona nashona viatu?"

"Hapana."

"Basi. Picha ni ya kamera. Kamera haijui kingine."

Na kamera ilikuwapo, kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Huyu alikuwa karani, na alipostaafu wenzake wakamzawadia kamera kubwa nyeusi yenye lenzi nene kama kikombe. Tangu siku hiyo jina lake likawa Bwana Lenzi. Aliivaa shingoni hata akienda kununua chumvi. Tatizo lake lilikuwa moja: mpaka amalize kupima mwanga, mtoto uliyetaka apigwe picha keshaota ndevu. Ndiyo maana nyumbani kwake zimetundikwa picha za vilima na mabirika, vitu visivyo na haraka.

Alifika siku hiyohiyo, kamera imetangulia, yeye nyuma.

"Shemeji, nasikia unataka picha. Unatafuta mchumba?"

"Ningekuwa natafuta mchumba ningeitundika picha yako mlangoni, ifukuze wasiofaa."

"Mimi nafaa, sema tu hujanitazama vizuri."

"Nimekuona kisogo. Kina upara. Haya, nifundishe hicho kitu."

Akamfundisha. Hiki cha kuvuta karibu, hiki cha kubofya, mkono usitetemeke. Kwa kutotetemeka, Bi Chanuo hakuwa na mpinzani. Picha ya kwanza aliupiga mkeka, na mgongoni mwa kamera kila unyasi ulionekana, hata kitawi cha ukindu kilichong'oka. Akamgeukia Kitinda. "Umeona? Sasa leta simu yako yenye chongo ikafanye hivi." Kitinda alitazama, akakubali kwamba ni kweli, simu yake isingefika hapo. Haki ya mtu apewe.

Kesho yake wakaja wateja, na mambo yakaharibika.

Wa kwanza alikuwa yule mama wa shingo fupi. Alisukwa vizuri kabisa, mistari imezunguka ikakutana utosini kama maji yanayoingia kwenye shimo. Bi Chanuo akaivaa kamera. "Tulia hivyohivyo, nikupige picha."

Mama wa watu kusikia picha, na kuliona lile jidude jeusi, akageuka mzimamzima. Akajipangusa paji la uso. Akauliza kama yupo mwenye wanja.

"Geukia kule," Bi Chanuo akamwambia.

"Nigeukie kule nikupe kisogo? Kamera yote hiyo, ya kizungu hivyo, niigeuzie kisogo? Nimekukosea nini?"

"Ndicho ninachokitaka."

"Akupaye kisogo si mwenzio, Bi Chanuo. Nipige hapa usoni, nimtumie mwanangu."

Wa pili alikwenda kwao kubadili nguo, akarudi na hereni za jirani. Wa tatu aliwahi kujishika kiuno kabla hata hajaambiwa. Wa nne alikubali kugeuka, ila kila kamera ilipolia akachungulia kwa bega, ikatoka picha ya mtu anayefukuzwa. Mwingine alimwita mumewe kutoka kazini ili wapigwe wote wawili, na mumewe hakuwa na nywele hata moja. Bi Chanuo alifoka, akabembeleza, akashika vichwa kwa mikono akavigeuza kama anayefunga kifuniko cha mtungi. Akiviachia tu, vinarudi.

"Mama, na simu je," Kitinda alisema taratibu, ndoo mkononi. "Simu hawaiogopi. Wanajua ipo tu, kama kijiko."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, mama."

"Basi teka maji."

Jumamosi picha zikachapishwa kwa bwana mmoja wa picha wa sokoni, zikaja ndani ya albamu nzuri yenye jalada la maua. Bi Chanuo hakuzikagua. Kwa nini akague? Kamera haijui kingine.

Jumapili shangazi akaja, akaketi juu ya mkeka maana hakukuwa na kiti, akaifungua albamu mapajani. Bi Chanuo alikuwa kigodani pake, shingo juu. Kitinda alimenya viazi karibu na mlango, akijifanya hayupo.

Shangazi akafunua. Akafunua tena. Picha zilikuwa safi, usiseme: meno yanang'aa, midomo imepakwa, hereni zilezile za jirani ziko kwenye masikio ya watu watatu tofauti.

"Watu wako ni wazuri," shangazi alisema. "Nywele ziko wapi?"

"Ziko nyuma yao."

"Naam." Akafunua tena, akaweka kidole. "Huyu ni nani? Hapa kwenye paji naona kama msuko umeanza vizuri. Ningependa nikamwone."

Bi Chanuo akainama. Akatazama. Akaisogeza albamu mbali, kisha karibu. Mwanamke aliye pichani alimchekea kwa meno yote, kama mtu anayemfahamu tangu zamani. Alikuwa mama wa shingo fupi, aliyesukwa pale miaka na miaka.

"Simjui," Bi Chanuo alisema.

"Humjui mteja wako?"

"Angegeuka ningekuambia mpaka jina la bibi yake."

Kwenye viazi pale Kitinda akakohoa, kikohozi kile cha mtu anayezuia kicheko asitolewe nje. Shangazi akafunga albamu pole pole, akaikabidhi kwa mikono miwili. Ni heshima hiyo iliyoonyesha kwamba kazi imekwisha, imevuka barabara.

"Nakushukuru kwa muda wako, dada."

Akauvuta mkoba wake. Bi Chanuo akahisi kile kichwa cha Kipilipili kinamtoka magotini. Angeweza kuomba, lakini kuomba hakukuwa kazi yake, na mnajua alivyosema kuhusu kazi mbili.

"Wewe nawe sikujui," alisema. "Umekuja kwangu mara mbili na sijakujua. Geuka."

"Nini?"

"Geuka nikujue. Na hicho kilemba kivue."

Sijui kwa nini shangazi aligeuka. Pengine kwa kuwa tangu afike hapakuwa na mtu aliyemwamuru jambo, na kuamuru siku zote kunachosha. Akavua kilemba. Msuko wa safari ulikuwa umechakaa, huku umelegea, kule umebana ngozi mpaka imevimba.

"Aliyekusuka alikuwa na ugomvi na wewe," Bi Chanuo akasema, na magoti yake yakawa yameshamzunguka. "Kaa chini zaidi."

Kwanza shangazi alikaa kama mti. Baadaye mabega yakashuka. Baadaye akaanza kusema, kama wasemavyo wote wakikaa pale: habari za ukumbi, habari za kaka yake asiyesaidia kitu ila kuuliza chakula kitatosha, mpaka habari za harusi yake mwenyewe, ambapo alisukwa na mtu aliyemharakisha, akalia njia nzima kuelekea ukumbini. Bi Chanuo aliitikia "eeh" na "ndiyo" na "inama", vidole vikipita.

Jua lilikuwa linaingia barazani kwa upande. Kitinda aliacha viazi, akajifuta mikono, akaja nyuma ya mama yake na ile simu ya chongo. Bi Chanuo alimwona kwa pembe ya jicho. Aliinua uso, wakatazamana, na Kitinda akangoja kufukuzwa.

Bi Chanuo akausogeza mkono wake kidogo, ule uliokuwa unatia kivuli.

Simu haikupiga kelele. Shangazi aliendelea kumsema kaka yake.

Alipokuja kuonyeshwa, alikishika kile kioo kilichopasuka karibu na macho. Mistari ilitoka shingoni ikapanda ikijipinda, myembamba ikiingia kwenye minene, hakuna pa kuanzia wala pa kuishia. Picha haikuwa safi kama za kamera, pembeni kulionekana ganda la kiazi.

"Huyu ni mimi?"

"Huyo sasa nakujua," Bi Chanuo akasema.

"Mwanangu, nitumie hii," shangazi akamwambia Kitinda. Akawatumia dada zake palepale, na simu yake ikaanza kulia mfululizo kama kuku aliyetaga. Akafunga mkoba. Kilemba alikishika mkononi, hakukivaa. "Kipilipili atakuja siku moja kabla ya harusi. Usimharakishe."

"Mimi?" Bi Chanuo akasema.

Tangu siku ile Kitinda anapiga picha za visogo kwa simu yake, na ukuta wa baraza umeanza kujaa. Lakini usithubutu kumwambia Bi Chanuo kwamba binti alishinda. Atakuambia kwamba yeye tangu mwanzo alisema kila chombo na kazi yake: kamera ni ya uso, simu ni ya kisogo, na asiyesikia hakuwapo.

Siku ya harusi ndipo alipodai kamera. Bwana Lenzi akapima mwanga mpaka watu wakaanza kukaa chini. Bi Chanuo amesimama wima kando ya bibi harusi, chanuo kichwani, macho makali. Na pale kamera ilipolia, Kipilipili, aliyelelewa katikati ya magoti yale, akageuka, akaipa kamera kisogo chake chote na msuko wake wote.

Picha hiyo ndiyo iliyo katikati ya ukuta, kubwa kuliko zote. Bwana Lenzi alipoileta, Bi Chanuo aliishika kwa muda mrefu.

"Huyu ni Kipilipili," akasema, kidole juu ya msuko, hata hakuwa amemaliza kuitazama. Kisha akakipeleka kidole pembeni. "Na huyu bibi mkali aliyesimama naye ni nani?"

Shemeji yake akacheka, Kitinda akacheka. Yeye hakucheka. Nyumba ile, kumbukeni, haina kioo.