Ruhusa ya Kwenda Kuzika

Alfayo alikuwa na ule uchovu usioondoka kwa usingizi. Alitoka Kakamega kuja Riyadh kuwa dereva wa nyumbani, na tangu hapo ni watoto shuleni, madam sokoni, bibi hospitalini, yalla, yalla, haraka haraka, mpaka hata ndotoni akawa anaendesha. Alilala katika chumba cha kando ya geti, mtaa wa Shumaisi, pamoja na mpishi wa nyumba ile, Mhindi mmoja mtu mzima aliyeitwa Devendra. Alfayo alimwita Prinsi kwa utani, maana babu yake Devendra alikuwa raja, mfalme wa Kihindi, enzi Mwingereza anatawala India.

Mwanzoni Alfayo aliona ni soga tu. Mjukuu wa raja, na mikono yote inanuka vitunguu? Lakini Prinsi hakusimulia kwa majivuno. Alisimulia kwa Kiarabu cha jikoni, taratibu, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa ukoo. Babu alikuwa na tembo na vito, na Waingereza walimpigia mizinga ya heshima kila alipofika kwenye sherehe zao. Idadi ya mizinga walipanga wao, na raja jirani aliyepigiwa mingi zaidi alimkosesha babu raha maisha yake yote. Juu ya kilima, akiitazama ikulu, aliishi Mzungu, mwakilishi wa serikali ya Waingereza, aliyeitwa Rezidenti. Raja akitaka kusafiri, aombe. Akitaka kumwoza binti, aombe. Mzungu akikataa, halas, yamekwisha.

Babu huyo alikuwa bado kijana, yuko mbali katika shule ya wana wa wafalme, baba yake alipozidiwa. Aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Rezidenti, aliyempenda sana, alisema amalize mitihani kwanza, kwa faida yake mwenyewe. Moto wa kumchoma marehemu, ambao kwa desturi yao huwashwa na mwana, ukawashwa na ami.

"Hakuwa mtu mbaya yule Mzungu," Prinsi alisema. "Hilo ndilo lililomuuma babu."

Kisha baba yake Alfayo akafariki. Bosi alipoambiwa alimshika bega, akamwombea, akampa siku ya kupumzika. Alfayo akangoja kuulizwa atasafiri lini. Kwao, ukimpa habari ya msiba mtu aliyekushikia pasipoti, umeshaomba ruhusa. Bosi hakuuliza. Kwake mtu akifa huzikwa siku hiyo hiyo, sasa safari ya nini?

Wiki ikakatika, na nyingine ikaanza. Mdogo wake, Paul, alipiga simu kila jioni. Mzee yuko mochwari, watu wamejaa matangani, na hakuna wa kugusa jembe la kuchimba kaburi mpaka kifungua mimba afike. Alfayo alimchukia bosi, akajichukia na yeye mwenyewe kwa kuufyata. Prinsi ndiye aliyemsukuma. Alimwambia kwamba bosi si mchawi, hawezi kujua asichoambiwa.

Basi Alfayo akamkuta bosi uani baada ya sala ya alasiri, akaeleza yote. Bosi alisikiliza, na machozi yakamlengalenga.

"Mpaka leo hajazikwa?"

"Ananingoja mimi, bosi. Mimi ndiye mkubwa."

"Miskini. Maiti hangojeshwi, Alfayo. Wapigie sasa hivi wamzike leo. Habari ya safari tutazungumza baada ya Ramadhani."

Akamletea kiti kwa mikono yake mwenyewe, akasimama karibu naye, mkono begani. Alfayo angeweza kumdanganya. Angesema na Paul Kiluhya, na bosi asingeambulia hata neno. Lakini alikuwa amechoka, na alijua kwamba mzee naye amechoka kungoja.

Alimwambia Paul wazike. Paul akauliza ni nani basi atakayetupa udongo wa kwanza.

"Wewe," Alfayo alisema.

Bosi aliuliza kama wamekubali. Alfayo akajibu kwamba wamekubali, akamshukuru.