Motokari Ikisha Kunywa

Yule mwanaume aliyemuuzia mama yangu motokari ningali namdharau, na sioni haya kusema. Nimejaribu kumsamehe kanisani, ikashindikana. Nikifumba macho niombe, naviona viatu vyake vyenye ncha na ile rangi nyeusi aliyoipaka chini ya motokari.

Mama ni mjane wa mtu wa reli. Sisi wote tulikulia kwenye nyumba za reli hapa Kamina, tukasomeshwa kwa samaki wakavu aliowatoa Mulongo na kuwauza sokoni. Miaka yote alisafiri juu ya mizigo ya malori ya watu, mvua yake, jua lake, mpaka mgongo ukagoma. Daktari akamwambia mambo ya kupanda lori basi. Kwa hiyo pesa za mwisho za reli, zile ambazo baba alizingojea hadi akafa, zikaingia kwenye kamioneti ndogo nyeupe. Ile ikiharibika, mama hana biashara tena, na wajukuu anaowalea hawana shule. Sote tulijua hivyo, na mwuzaji alijua, kwa sababu mama alimwambia mwenyewe.

Aliileta kutoka Lubumbashi ikimeremeta. "Iko motokari ya Ulaya," akasema, "haiyateswa." Haijateswa, ati. Alivyoisifia, ungedhani ni binti yake anayemtafutia mume.

Siku ya kuikabidhi tukaiaroze, kama kila mtu hapa anavyofanya. Kitu kipya kinamwagiwa bia, watu wanakunywa, kisha watoto wa mtaa wanajazana nyuma na motokari inazunguka ikipiga honi. Mama hanywi bia. Alishika Fanta yake, akaweka mkono juu ya boneti akaomba. Mwuzaji akaitika amina kwa sauti kutushinda sote, akamwaga chupa kwenye gurudumu. Watoto wakapanda. Binti mdogo wa mwuzaji, aliyekuja naye, alipanda pia, baba yake akamshusha, na wetu wakaenda kuzunguka wakiimba.

Safari ya pili, mama akirudi na samaki, kamioneti ilikatika katikati. Nasema ilikatika. Shasi yake ilikuwa imewahi kuvunjika, ikaunganishwa kwa kuchomelewa, kisha ikapakwa lami nzito kufunika kovu. Mama alitoka mzima, mkono tu umevunjika. Samaki walilowa mvua usiku kucha wakaoza.

Tulipomfuata mwuzaji alikuwa anakula ugali. Hakusimama, hata kumkaribisha mama kiti hakumkaribisha.

"Mama, mulishakuaroze," akasema huku anatafuna. "Motokari ikisha kunywa, hairudiaka. Na weye ulikuwa na macho. Juu ya nini haukuchungulia chini?"

Mama wa umri ule, na liputa yake ya kitenge kiunoni, alale chali kwenye vumbi akague vyuma. Mtu mzima anasema hivyo mdomo umejaa bukari, wala hapaliwi.

Mkubwa wa mtaa, ambaye siku ya kuaroze alikunywa kuliko wote, alimuunga mkono. Kwake yeye biashara iliyokwisha kunywewa imekwisha. Nilimwambia kwamba mama yangu alikunywa Fanta. Akafikiri kidogo, kwa sura ya mtu mwenye kazi nzito, akasema Fanta nayo iko kinywaji. Huyo ndiye mkubwa wetu.

Njo tukaenda kwa avoka, yaani wakili. Yeye ndiye wa kwanza kutuambia kwamba sheria iko, tena ya zamani: ukiuza kitu chenye kasoro iliyofichika, unakirudisha na unarudisha bei, hata kama wewe mwenyewe hukuijua. Kama uliijua ukanyamaza, unalipa na hasara juu yake. Kasoro ambayo mnunuzi angeiona kwa macho, hiyo haihesabiwi. Bia haimo kabisa katika sheria hiyo. Akatuhimiza twende upesi, maana anayekawia kulalamika anaipoteza haki yake.

Mbele ya hakimu mwuzaji alikuja na suti, na mkubwa wa mtaa kama shahidi wa chupa. Akaapa mkono juu.

"Bwana zuzi, minyi pia nilinunua vile. Ile kintu ya chini sikuijua hata kidogo. Kama ningeliijua, ningeliuzia mama kweli?"

Sauti ikamtetemeka vizuri kabisa, nikaona watu nyuma wanamhurumia. Kinyaa kilinishika. Hapo mama, mkono wake bado umefungwa shingoni, akaomba kusema. Hakutaja shasi wala sheria.

"Papa," akamuuliza taratibu, "siku ile watoto bote balipanda nyuma. Juu ya nini weye ulishusha mutoto wako?"

Mwuzaji akamtazama mkubwa wa mtaa, na yule akatazama dirisha.

"Alikuwa amevaa nguo ya kanisa," akasema mwishowe. "Ingechafuka."

"Na bajukulu bangu," mama akauliza, "bao balikuwa bamevaa nini?"

Hakimu akaweka kalamu chini, akamngojea ajibu. Sote tulimngojea. Mwuzaji akainamia viatu vyake.

Alihukumiwa kurudisha bei na kulipa hasara, na alilipa. Lakini swali la mama halikuwa la pesa, na jibu lake mwuzaji hajalileta mpaka leo.