Mume Wangu Hajaoa

Mimi nina wivu, na sioni haya kusema. Wenzangu wengine wanaupaka wivu wao rangi, wanauita kujali, au wanasema wanaomba tu kwa ajili ya ndoa. Wangu ni wivu mtupu, nimeurithi kwa mama yangu, naye sijui aliutoa kwa nani. Kwa hiyo mshahara wa mume wangu ulipoingia pungufu, sikuwaza kodi hata kidogo. Niliwaza mwanamke.

Mume wangu anaegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja huku kwetu Alexandria, Virginia, Marekani. Hulipwa kila baada ya wiki mbili, pesa inaingia kwenye akaunti yetu ya pamoja, na mimi naijua hesabu yake kama ninavyojua chumvi ya mchuzi wangu. Safari hii ilikuwa imepungua, tena si kidogo. Ilipungua kiasi cha kutosha kumtunza mtu mwingine mahali. Nilimuuliza akiwa bado anavua viatu mlangoni.

"Baba, mbona hela ni ndogo? Ulikosa shifti?"

"Shifti nimepiga zote, hata mimi nimeshangaa. Labda wamekosea. Hebu angalia wewe, macho yangu yamechoka."

Akanikabidhi simu yake bila kusita. Mwanamke mwenye akili timamu angetulia hapo hapo, maana mwanaume mwenye siri hatoi simu hivyo. Mimi nilijiambia, huyu ameshafuta kila kitu.

Nikafungua hati yake ya mshahara. Saa za kazi zilikuwa zile zile, na malipo kwa saa hayakuguswa. Kilichopanda ni makato ya kodi ya serikali kuu. Halafu pale juu, chini ya jina lake, mahali ambapo siku zote paliandikwa kwamba ameoa, sasa palikuwa na neno moja tu: Single. Mwanaume niliyefunga naye ndoa mbele ya padri, wazazi wa pande zote mbili wakishuhudia, hajaoa.

Nyumbani neno hilo lingeweza kuwa la mzaha. Huku lina uzito wake. Tumewaona watu wenye waume na wake zao kabisa, wanageuka kuwa wapweke kwenye makaratasi ili wakafunge ndoa na raia wa hapa, wapate makaratasi ya kuishi. Wanakuambia ni ya muda tu, ni kwa faida yetu sote, halafu huo muda unazaa mtoto. Sisi makaratasi tulikuwa nayo zamani, wala hatukuwa na shida ya raia yeyote, lakini wivu hauna muda wa kusikiliza mambo kama hayo.

Nikampigia shoga yangu, Mkenya mmoja anayekaa Temple Hills, nikitegemea atanituliza.

"Ai, dada, hiyo si kawaida," akasema. "Kwani mtu hulala akiwa married anaamka single? Kuna mtu amemshow a-change hizo vitu."

Huyo mtu nilikuwa namjua. Pale hotelini, mapokezi, kuna mwanamke anayekaa Gaithersburg, kule Maryland, raia, hana mume, na kila mwezi huwaletea wenzake sambusa. Mume wangu aliwahi kuniletea mbili kwenye karatasi ya jikoni. Zilikuwa tamu kuliko zangu, na hilo liliniuma tangu siku ile. Tena nikajiuliza, mtu anavumilia foleni ya barabara ya 270 asubuhi na jioni, anavuka mpaka Virginia, kwa ajili ya mshahara wa mapokezi tu? Dalili ya mvua ni mawingu.

Siku mbili sikumsemesha. Chakula nilimpakulia, lakini sahani niliiweka mezani kwa kishindo. Jumapili tulipotoka kanisani, roho ikashindwa kuvumilia.

"Kwa hiyo ni sambusa ndizo zilizokuponza?"

"Sambusa gani?"

"Nakuuliza wewe, bwana single."

Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila kukijibu hataki, akainua macho kutoka kwenye simu yake. "Mom, it's just taxes." Nikamfukuzia chumbani kwake. Nilimwambia kodi za baba yake si mambo ya watoto.

Mume wangu akaeleza taratibu, kama anavyowaeleza wageni waliopoteza tiketi zao. Hoteli ilikuwa imeuzwa, na mmiliki mpya akaja na mfumo wake wa mishahara. Ilitumwa barua pepe kila mtu ajaze upya fomu ya kodi, naye hakuiona. Sikumwamini. Jumatatu nikamlazimisha awapigie wanaoshughulikia mishahara, sauti ya simu ikiwa juu, nami nimekaa kando yake. Mwanamke aliyepokea akasema vile vile: asiyejaza fomu mpya anahesabiwa kama hajaoa, na anakatwa kwa kiwango hicho.

"Kwa hiyo yeye mwenyewe hakuandika single?" nikadakia kwa Kiingereza changu cha hasira.

"Hapana, mama. Hakuandika chochote."

Hapo nilitakiwa niseme samahani. Lakini nilikuwa nimeshindwa, na kushindwa hakunipendezi.

"Hata kama hukuandika," nikamwambia alipokata simu, "anayeiheshimu ndoa yake anasoma barua pepe zake. Njoo uone hati ya mwanamke aliyeolewa inavyokaa."

Nikatoa simu yangu. Mimi nawahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kazi hiyo niliianza kabla hatujafunga ndoa. Hati ya mshahara wangu huwa naangalia tarakimu ya mwisho tu, basi. Ya kwake ndiyo ninayoisoma mstari kwa mstari. Nikaifungua, nikamsogezea kwa madaha, kisha nami nikatupa jicho.

Single.

Fomu niliijaza nikiwa msichana, na miaka yote hiyo sikuigusa. Nilicheka sana, nikidhani naye atacheka na tutamaliza hapo. Hakucheka.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba uko single. Tulipoomba hii nyumba mimi ndiye niliyepeleka payslip zako kwenye ofisi ya wapangishaji. Niliona."

Tulipoomba nyumba hii binti yetu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Sasa ananizidi urefu.

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nilidhani ndivyo unavyotaka. Nilidhani yupo mtu kule kazini." Akageuza uso dirishani. "Unafikiri nilikuwa nakuja kukuchukua kwa nini?"

Mume wangu huja kunichukua kazini. Theluji ianguke, awe na homa, awe ametoka shifti ya asubuhi bila kulala, nikitoka nalikuta gari limeshapashwa joto. Basi linapita mbele kabisa ya mlango wetu wa kazini, lakini mimi sijui hata nauli yake. Wenzangu wananionea gere. Nimewaambia wote, tena kwa kujitapa, kwamba hayo ndiyo mapenzi.

"Nilikuwa nakuja kuona unatoka na nani," akasema.

"Ukaona nini?"

"Wazee. Na manesi wenzako."

Jioni ile tulijaza fomu wote wawili, binti yetu akitusomea. Yule mwanamke wa mishahara alikuwa ametuonya kwamba nyumba yenye mishahara miwili ikiweka alama pale pa wanandoa bila kuangalia, Aprili, hesabu za kodi zikifungwa, itadaiwa. Nikasema Aprili ije, nitalipa. Malipo yaliyofuata yakaja na kila mmoja ameandikwa ana mwenziwe, na pesa imeongezeka. Mume wangu akaziangalia hati zote mbili kwa muda mrefu, akapumua, akalala usingizi wa mtoto.

Wiki iliyofuata akanipigia nikiwa kazini. "Mama, leo panda basi tu, nimechoka." Nikamwambia apumzike. Kesho yake akasema vile vile, na siku ya tatu hakupiga simu.

Sasa nauli naijua. Nasimama kituoni na begi langu, upepo wa Februari unanipiga miguuni, na kila gari la kijivu kama letu likikata kona nanyoosha shingo. Yule wa mapokezi nimeshamsahau. Siku hizi namwonea wivu mwanamke mmoja tu, yule niliyekuwa, ambaye kwenye hati yake hajaolewa.